Ng'ombe Asiyekubali Kushikwa

Siku daktari wa kupe alipofika El Saucillo, Don Evaristo Longoria alikuwa amesimama langoni tangu saa moja asubuhi, kavaa kofia yake ya misa. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza juu ya farasi, akikagua ng'ombe na kuua kupe kandokando ya Mto Bravo, mto wa mpakani, kwa mshahara wa serikali. Leo serikali hiyohiyo ilimleta mtu wa kuja kuwamwaga kupe malishoni mwake, na yeye ndiye aliyekuwa akimfungulia lango.

"Ndio hao?" akauliza, akiangalia kisanduku alichokumbatia yule mwanamke.

"Ndio hao," akasema Daktari Corinne Haas. Alikuwa mrefu, uso umeungua jua, buti zake kuukuu, na hilo la buti lilimfurahisha mzee kidogo.

"Wangapi?"

"Kama elfu ishirini hivi. Bado vitoto. Utadhani ni vumbi."

Don Evaristo alitema mate pembeni. Binti yake Nieves, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini kwenye jiko la shule kwa ajili ya siku hiyo, alimkanyaga mguu taratibu bila kuacha kumtabasamia mgeni.

Kwenye lango lile kulikuwa na kibao chekundu cha karantini, mwaka wa pili sasa. Maana yake ndama hatoki mpaka aoshwe, apekuliwe na kutiwa lakiri, na ng'ombe wote, kila baada ya siku kumi na nne, wakusanywe kutoka vichakani wakatumbukizwe joshoni. Akina Longoria waliwakusanya mpaka wakachoka. Kulungu na wale swala wakubwa wa bluu walivuka mto na kuwarudisha kupe bure, maana swala hana karantini. Goti la mzee lilikuwa la chuma. Mume wa Nieves alikuwa kwenye visima vya mafuta, siku ishirini na moja kazini, saba nyumbani, na hizo saba alilala. Basi Januari serikali ikawaambia wachague: ama watoe ng'ombe wote na kuyaacha malisho matupu miezi tisa, ama wakubali jaribio la maabara.

Kutoa ng'ombe ni neno jepesi mdomoni. Ng'ombe wa karantini ana mnunuzi mmoja tu, naye ni mchinjaji. Kundi lile lilikuwa na ng'ombe thelathini na nane, wote kizazi cha mitamba minne ambayo Doña Herminia, mke wa Evaristo, alipewa na baba yake siku ya harusi. Wakiondoka hao, hakuna miezi tisa itakayowarudisha. Kila mtu nyumbani alilijua hilo.

Jikoni, juu ya kahawa na tortilla za moto, daktari alieleza. Maabara ilikuwa imebadilisha kitu kidogo ndani ya mbegu ya kupe, kitu kisichoonekana. Dume anazaliwa mzima, anapanda kwa ng'ombe, anamtafuta jike wa porini, wanakutana. Jike anakunywa damu, anashiba, anadondoka, anataga. Ila mayai yale hayaanguliwi.

"Kwa hiyo ni kama punda na farasi, wanazaa nyumbu," alisema Don Evaristo.

"Hawazai hata nyumbu. Mayai yanakauka tu."

"Na kati yao na hawa wetu, nitawatofautishaje?"

"Huwezi. Kwa macho wanafanana kabisa. Mimi nina taa yangu, wa kwangu wanang'aa kijani." Akaweka kidole kwenye karatasi ya mkataba. "Ndiyo maana mstari huu ni muhimu kuliko yote. Miezi minne, hakuna josho, hakuna dawa, na hakuna kutoa kupe kwa mkono. Hata mmoja, Don Evaristo. Ukimtoa mmoja hujui umemtoa nani. Kila baada ya wiki mbili tutakuja kuhesabu. Hesabu ikiharibika, jaribio limekufa, na ng'ombe wanatoka."

"Tumesikia," alisema Nieves.

"Namuuliza mzee."

Mzee alichukua kalamu. Alisaini jina lake lote, na la ukoo wa baba, na la ukoo wa mama, polepole, kama alivyofundishwa na watawa.

"Nimetii amri miaka thelathini na moja," alisema. "Ya miezi minne itanishinda?"

*

Ilimshinda wiki ya tatu. Na ninyi mtakaomcheka, ngojeni kwanza msikie alivyosukumwa.

Jumamosi alikwenda mjini kununua mashudu ya pamba. Dukani palikuwa na watu wanne watano wamekalia magunia, miongoni mwao Baldemar Cavazos, jirani yake wa upande wa mashariki, ambaye wamebatiziana watoto.

"Kompadre," Baldemar akaanza, na kwa sauti ile kila mtu alijua kuna jambo linakuja, "nasikia siku hizi umebadilisha mifugo."

"Nimebadilisha nini?"

"Wanasema unafuga kupe. Wa daraja la kwanza, wenye vyeti. Maziwa yao vipi?"

Magunia yote yalicheka. Don Evaristo naye alicheka, maana mwanamume akikataa kucheka hapo ndipo wanapomfanya wimbo.

"Maziwa machache," alisema. "Ila ni watiifu kuliko mbwa wako."

"Sawa. Lakini wakivuka ua wangu, bei ya dawa nitakuletea wewe, si Washington." Baldemar hakuwa anacheka tena. "Nina ng'ombe mia mbili mle. Sikutanii, kompadre."

Mzee alilipa na kunyoosha mkono kuaga. Baldemar aliuangalia ule mkono, kisha akauangalia mkono wake mwenyewe uliokuwa na kipande cha sigara. Alisema tu, "Msalimie komadre Herminia." Hakuushika. Kijana wa dukani akapakia magunia, na mzee akaendesha gari kilomita ishirini na tatu bila kuwasha redio.

Mkono huo, jamani. Kulikuwa na wakati ng'ombe wa mto mzima walipita chini yake. Wakaguzi wengine walitazama, Don Evaristo alipapasa. Alifumba macho, akaacha vidole viende nyuma ya masikio, kwenye ngozi inayoning'inia shingoni, makwapani, chini ya mkia, kwenye kiwele, na pale ambapo wengine walipita mara tatu wasione kitu, yeye alisimama na kusema, "Yupo." Alifundisha wakaguzi kumi na tisa. Akifika kwenye malisho ya mtu, mwenye ng'ombe alivua kofia.

Alipofika nyumbani alimwaga mashudu kwenye hori, na ng'ombe wakaja. Paloma, mzee kuliko wote, alimwegemezea kichwa kifuani kama kawaida yake, na mkono wa mzee ukaenda chini ya mkia wake kama kawaida yake. Yupo. Mnene, laini, ameshiba. Akamsokota nusu mzunguko kwenda kushoto, akavuta, akampasua kwa buti.

Ni mmoja tu, alijiambia. Kesho yake walikuwa saba.

Doña Herminia aliyaona yote kwenye dirisha la jiko. Angeweza kuita. Angeweza kumwambia Nieves jioni. Lakini Jumapili iliyotangulia, kanisani, mwanamke mmoja alikuwa amepangusa benchi kwa kitambaa kabla ya kukaa mahali alipokuwa amekaa yeye, naye hilo alilimeza bila kumwambia mtu. Kwa hiyo hakusema neno. Asubuhi mzee alikuta juu ya nguzo ya zizi kopo tupu la kahawa, ndani yake dizeli kidogo, la kuwatumbukizia. Siri yao ikaanzia hapo, na hawakuizungumza hata wakiwa kitandani.

*

Hesabu ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Waliokuja kuhesabu ni Daktari Corinne na mkaguzi Ruperto Saldívar, mtu mzito wa miaka arobaini na mitano, mwenye masharubu, aliyejifunza kazi chini ya Don Evaristo na ambaye mzee alikuwa baba yake wa ubatizo. Ng'ombe mmoja mmoja aliingizwa kwenye kibanio, kile kichochoro chembamba cha mbao cha kumshikia ng'ombe, Ruperto akapapasa, daktari akaandika.

"Sifuri," alisema Ruperto. "Huyu mmoja. Huyu sifuri. Huyu wawili, wadogo."

"Na huyu?"

"Sifuri."

Nieves alikuwa amekaa juu ya ua akiwa bado na aproni ya jiko la shule. Kila sifuri ilimshukia kama baraka. Alimpigia simu mumewe palepale.

"Wanaisha," alimwambia. "Nakwambia wanaisha. Desemba tunauza ndama kama watu."

"Kweli au unanipa moyo?"

"Niko hapa juu ya ua, nawaona kwa macho yangu."

Daktari hakuwa na furaha hiyo. Aligeuza karatasi mbele na nyuma. "Wa porini kupungua, sawa. Lakini hata wa kwangu siwaoni. Nilimwaga elfu ishirini. Wamekwenda wapi?"

"Joto labda," alisema Don Evaristo, akiwa amesimama kivulini mwa mti wa mathenge, mikono mfukoni.

"Labda." Alihesabu tena kwenye orodha. "Yupo ambaye hajaletwa. Namba kumi na saba."

"Bruja," Nieves alicheka. "Huyo mwache, daktari. Jina lake ni mchawi na ni mchawi kweli. Anakaa kule kwenye matete ya mtoni. Hajawahi kushikwa na mtu tangu azaliwe, ila siku ya josho tu, na siku hiyo tunakuwa wanne na mbwa wawili. Alimvunja mume wangu mbavu."

"Hesabu ijayo namtaka."

"Utampata," alisema Ruperto.

Mzee hakuona hatari. Aliyafikiria mambo yake kama mkaguzi: ng'ombe safi ni ng'ombe safi. Miaka yote ile sifuri ndiyo ilikuwa ushindi. Haikumwingia akilini kwamba kuna watu wanaweza kuingia malishoni kuwatafuta kupe wakiomba wawakute. Angekuwa mwongo angejua kudanganya vizuri zaidi, angebakiza wachache kila ng'ombe. Yeye alifanya kazi yake kwa uaminifu, asubuhi na jioni, mpaka vidole vikavimba.

*

Wiki ya sita walimleta Bruja. Ruperto alikwenda na wapanda farasi wawili na mbwa, na ilipofika saa nne walimtoa kwenye matete, mweusi, mfupa mtupu na macho, akiburuta kamba mbili. Alipiga mateke mbao za kibanio mpaka ubao mmoja ukapasuka. Ruperto akaingiza mkono kwa shida.

"Mama yangu," alisema.

Ng'ombe alikuwa amejaa kupe. Masikioni, shingoni, ndani ya mapaja. Daktari Corinne alijifunika turubai juu yake na juu ya shingo ya ng'ombe, akawasha taa yake ndogo, na wakamsikia akicheka humo ndani peke yake.

"Wa kijani," alisema. "Wako hapa. Wako hapa, wamepanda, wako na majike." Alitoka jasho likimtiririka, akaanza kuwaweka majike walioshiba kwenye vichupa, mmoja mmoja, kwa kibano. Ishirini na wanne. Kupe wote kwa jumla sitini na mmoja. Kisha akasimama na kichupa mkononi, na kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Ng'ombe mmoja ana sitini na mmoja," alisema. "Thelathini na saba wana watatu wote pamoja. Malisho yaleyale."

Ruperto alikuwa amekwishaondoka pale. Alimwendea Paloma, akamwinua mkia, akapitisha kidole gumba juu ya ngozi. Akaenda kwa mwingine. Akaenda kwa wa tatu. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa alikuwa ameshaona na hakutaka kurudi.

"Don Evaristo," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, akiwa ameugeukia mti. "Kupe akidondoka mwenyewe, anaacha alama gani?"

"Nukta."

"Na akivutwa?"

Mzee aliitia mikono mfukoni.

"Akivutwa na mjinga, kichwa kinabaki ndani, pale panavimba. Akivutwa na mtu anayejua, akisokotwa nusu mzunguko kushoto, panabaki kigaga kama mwezi mchanga. Wewe ndiye uliyenifundisha. Uliniweka siku tatu kwa ng'ombe mmoja mpaka nikaijua." Akamgeukia. "Ng'ombe wote wana miezi hiyo, Don Evaristo."

Nieves aliteremka kutoka kwenye ua. "Anasema nini huyu? Baba, anasema nini?"

"Nilikuwa nawasafisha," alisema Don Evaristo.

"Unawasafisha nini?"

"Walikuwa na kupe, mwanangu."

Alilisema kama mtu anavyosema mtoto alikuwa na makamasi. Daktari Corinne alikaa chini palepale kwenye vumbi, mgongo kwenye nguzo. Lile kopo la kahawa lilikuwa juu ya nguzo, nusu mita kutoka kichwani pake.

*

"Mama, na wewe ulijua?"

Doña Herminia alikuwa anachagua maharage mezani. Vidole havikusimama.

"Kopo ni lako. Nalijua kopo lako. Mama."

"Baba yako hakuwa akila vizuri," alisema Doña Herminia. "Alipoanza kuwatoa akarudi kula."

"Alirudi kula." Nieves alikaa, akainuka, akakaa tena. "Ng'ombe wote thelathini na nane, mama. Mali yako wewe. Na wewe unaniambia alirudi kula."

"Usimpigie mama yako kelele," alisema Don Evaristo kutoka mlangoni.

"Nimpigie nani? Wewe? Wewe ulisaini, baba. Majina yote matatu. Ungeniambia tu. Ungesema, Nieves, sitaweza, watoe ng'ombe. Ningelia siku moja yakaisha. Lakini umenipandisha juu ya ua nihesabu sifuri zako. Nimempigia mume wangu simu kwa sifuri zako."

"Wewe hukuwa dukani siku ile."

"Duka gani?"

"Baldemar hakunipa mkono."

Nieves alimwangalia baba yake. "Na sasa atakupa?"

Mzee alitoka nje. Jasiri haachi asili, wanasema, na wanaosema hivyo huwa wanasifu. Kuna asili nyingine ingekuwa heri mtu aiache njiani.

Ruperto alijaribu. Alikwenda ofisini kwake akaeleza kwamba mzee alisahau, kwamba ni umri, kwamba waanze upya. Alimwambia Don Evaristo aseme vilevile: aseme alisahau.

"Sikusahau," alisema Don Evaristo.

"Najua hukusahau. Sema tu."

"Ruperto, nimeharibu. Nisiongeze na uongo."

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Jaribio katika malisho ya El Saucillo limefutwa, ng'ombe wote waondolewe ndani ya siku thelathini, malisho yabaki matupu miezi tisa kuanzia siku atakapotoka ng'ombe wa mwisho. Haikuwa na neno moja la matusi. Nieves aliisoma mara mbili akiitafutia tusi ili apate pa kushika, akakosa.

*

Malori mawili ya mchinjaji yalifika Jumatatu ya mwisho. Kabla ya kupakiwa, ng'ombe walipaswa kukaguliwa, na Ruperto akawakagua, mmoja mmoja, mbele ya mwalimu wake.

Sasa walikuwa na kupe. Tangu siku ile mzee hakuwa amegusa ng'ombe hata mmoja. Alimwaga mashudu akaondoka kabla hawajafika horini, na Paloma alibaki akitazama nyumba.

Daktari Corinne naye alikuja, ingawa hakuwa na kazi tena pale. Alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa. Alimpa mkono Doña Herminia, akampa Nieves, akampa mzee, na mzee aliushika mkono ule kwa muda, kama anashangaa.

"Wale majike wa Bruja," alisema daktari. "Ishirini na wanne. Wametaga wote. Nimengoja mpaka jana."

"Na?"

"Mayai ya kumi na tisa yamekauka. Hayajatoa hata kitoto kimoja."

Injini za malori zilikuwa zinanguruma. Nieves alisogea karibu ili asikie vizuri, au ili asikosee kusikia.

"Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi," alisema.

"Kwa ng'ombe mmoja siwezi kuandika hivyo. Wakubwa wangu ng'ombe mmoja si kitu kwao."

"Siulizi wakubwa. Nakuuliza wewe."

Daktari alikunja karatasi yake. "Ilikuwa inafanya kazi," alisema.

Nieves aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alikwenda kusimama nyuma ya pikapu, ambako hawakumwona. Don Evaristo alibaki amesimama pale mpaka Paloma alipopanda ubao wa kuingilia lori. Alipanda vizuri, bila fimbo, maana alikuwa amezoea kwamba watu hawana ubaya. Thelathini na saba. Doña Herminia alikuwa amesharudi ndani.

Bruja hakupatikana. Walimtafuta Jumatatu hiyo, Jumanne, Jumatano. Alijichimbia kwenye matete mahali ambapo farasi hawezi kuingia, na mbwa mmoja alirudi anachechemea.

"Miezi tisa haianzi mpaka atoke," Ruperto alimwambia mzee. "Nimepewa mpaka Jumamosi. Ikifika Jumamosi naambiwa nije na bunduki."

"Asubuhi ya Jumamosi njoo na trela," alisema Don Evaristo. "Bunduki iache."

"Ng'ombe yule hajakubali mtu miaka tisa."

"Hajawahi kukaa peke yake."

Alhamisi mzee alibeba ndoo ya mashudu, akaketi juu ya ndoo nyingine ukingoni mwa matete tangu asubuhi mpaka jua lilipozidi. Aliona masikio tu. Ijumaa aliona kichwa. Ng'ombe ni mnyama wa wenzake, hata aliye mkorofi, na Bruja alikuwa ameita kila usiku tangu Jumatatu bila kuitikiwa; sauti ilikuwa imemkauka. Jumamosi alitoka. Alisimama hatua kumi, akapumua kwa nguvu, akasimama hatua tano. Mwishowe akaingiza mdomo kwenye ndoo iliyokuwa kati ya magoti ya mzee.

Don Evaristo alingoja ale. Kisha alimwekea mkono shingoni, na ng'ombe yule akatetemeka ngozi nzima na hakuondoka. Alikuwa na joto. Vidole vikaanza safari yao bila kuambiwa, nyuma ya sikio, kwenye ngozi ya shingo. Yupo. Karibu yake mwingine. Mzee alifumba macho. Gumba na kidole cha shahada vilikuwa tayari vimemshika, nusu mzunguko kushoto ikingoja.

Akavifungua. Akaurudisha mkono kwenye paji la uso la Bruja, ukakaa pale mpaka Nieves na Ruperto walipofika na trela, wakitembea polepole kwa miguu.

Alimtia hatamu mwenyewe, akamwongoza mwenyewe mpaka ndani. Bruja aliingia kwa kuwa yeye alitangulia kuingia.

"Mkague," alimwambia Ruperto.

"Hakuna haja, Don Evaristo. Anakwenda kuchinjwa, na jaribio lilishafungwa."

"Mkague."

Ruperto alimwangalia Nieves, na Nieves akampa ishara kwamba afanye. Alivua glavu, akaingiza mkono kati ya vyuma vya trela, akapapasa masikio, shingo, makwapa, mapaja, chini ya mkia. Alichukua muda mrefu, kama alivyofundishwa. Bruja alisimama kimya, amemwekea mzee kichwa begani.

"Wangapi?" aliuliza Don Evaristo.

"Arobaini na watatu."

"Andika."

"Don Evaristo, pa kuandika hakuna."

"Nieves ana kalamu," alisema mzee, akimgeukia binti yake. "Andika, mwanangu. Andika wote."